Rokkaku Haina Mkia, na Haiuhitaji

Jumapili jioni nilikuwa ufukweni na kishada changu cha Kijapani, rokkaku ya pembe sita, kimetulia juu kwenye uzi wa mita 80. Baba mmoja aliyekuja na wanawe akakitazama, akanisogelea: "Kaka, umesahau mkia." Nikamwambia sikusahau. Akasisitiza kwamba bila mkia kitaanguka sasa hivi, na wakati huo kilikuwa kimeshakaa angani nusu saa. Nilipokishusha nikaenda kunywa maji, nikarudi nikakuta ameshafunga kipande cha kanga, kama mita 2 hivi, kwenye ncha ya chini. Kwa nia njema kabisa. Tukakirusha hivyo hivyo aone mwenyewe. Kikapanda nusu ya kimo chake, kikaning'inia pale kama shuka lililoloa, kikagoma kwenda juu.

Sasa nimechoka kueleza jambo hili mtu mmoja mmoja, kwa hiyo naliandika.

Najua imani hii inatoka wapi. Wengi wetu tulikua na tiara za chelewa mbili zilizofungwa msalaba, gazeti la zamani, gundi ya uji na mkia wa matambara. Tiara ile ni bapa, na kilicho bapa kinahitaji mkia, sibishani na hilo. Upepo huuvuta mkia kwa nyuma, mkia nao hushikilia ncha ya chini, kichwa kisigeuke ovyo. Hata Japani watoto hubandika vipande virefu vya gazeti kwenye vishada vyao bapa. Kosa ni kuichukua kanuni ya kishada bapa na kuipachika kwa kila kinachoruka.

Rokkaku ni ya mji wa Sanjō, mkoa wa Niigata. Roku ni sita, kaku ni pembe. Kishada kwa Kijapani cha kawaida ni tako, neno linalosikika sawa na pweza, lakini watu wa Sanjō hukiita ika, yaani ngisi. Kila mwaka, mwanzoni mwa Juni, timu za mji huo hupambana kwa rokkaku, kila moja ikijaribu kunasa kishada cha mwenzake na kukiangusha. Hebu fikiria mkia wa mita 2 ukipepea katikati ya nyuzi zote zile.

Kinachokishikilia kishada hiki angani ni upinde, na hapa naomba msinikimbie. Rokkaku ina ufito mmoja wa wima, uti wake wa mgongo, na fito mbili za mlalo. Kila ufito wa mlalo hufungwa kamba nyuma yake, kutoka ncha hadi ncha, kisha kamba hukazwa mpaka ufito upinde. Kifua cha kishada hutuna kuelekea upepo na mabawa yakarudi nyuma kidogo. Kikiinamia upande wa kushoto, bawa la kushoto linaukabili upepo kwa uwazi zaidi na lile la kulia linajificha. La kushoto linasukumwa juu kwa nguvu zaidi, kishada kinarudi kwenye usawa wake. Kinajirekebisha hivyo muda wote, wewe huoni ila mtikisiko mdogo. Mkia hapo unaongeza nini? Uzito, na mvuto wa kurudi nyuma, basi.

Upinde uwe na kina gani? Michoro hutoa namba kana kwamba ni sheria. Changu kina urefu wa sm 100 na upana wa sm 80, fito za mlalo zimeachana sm 60, na kamba inasimama sm 10 kutoka katikati ya ufito. Lakini ninacho kingine chenye upinde wa sm 6 tu, na ndicho kinachotulia kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza. Nahisi fito zake ni laini na upepo unazipinda zaidi kikiwa juu, ila sijathibitisha. Na kama upinde wa juu uuzidi wa chini au ulingane nao, nimejaribu kote kuwili na mpaka leo sina jibu la kumpa mtu kwa kiapo.

Ninachoweza kuapia ni ulinganifu. Mwanzi una vifundo, na kifundo hakipindi kama sehemu nyingine. Kabla ya kufunga chochote naushika ufito kwa ncha zote mbili, naupinda mbele ya macho na kuutazama umbo lake dhidi ya ukuta mweupe. Upande mmoja ukiwa mkaidi, nachukua kisu na kuuparua kwa ndani, nyuzinyuzi nyembamba kama nywele, napinda tena, naparua tena. Ufito mmoja unaweza kunila saa nzima. Wanaoniletea vishada vinavyozunguka kama pia huko angani, karibu wote wameruka hatua hii, halafu wanataka mkia uwafichie kosa.

Karatasi sitaiongelea sana. Washi, inayotengenezwa kwa nyuzi ndefu za gamba la kozo, mti wa jamii ya mforosadi, ndiyo ya asili: nyepesi na haichaniki kirahisi. Ukiikosa, kitambaa cha mwavuli uliokufa kinafaa. Chora utakacho, ila usirundike rangi upande mmoja.

Hatamu, hizo nyuzi nne zinazotoka kwenye fito za mlalo na kukutana mbele kwenye kifundo kimoja, ndizo za kuchezea ufukweni. Upepo ukiwa mkali, sogeza kifundo kuelekea kichwani. Ukiwa dhaifu, kishushe. Kidogo kidogo, upana wa kucha kwa mara moja. Na usikimbie! Mwenzako akishike umbali wa mita 30 upande unakoelekea upepo, akiachie upepo unapoongezeka, wewe vuta uzi mkono kwa mkono. Simama mahali upepo unapofika bila kuvurugwa. Kusi inayotoka baharini imenyooka, lakini nyuma ya nyumba na minazi upepo huohuo umeshasukwasukwa, na hakuna kishada kitakachotulia humo, kiwe na mkia au kisiwe nao.

Kikiyumba bado, kishushe. Kaza kamba za nyuma upinde uongezeke sm 1, pima tena kama mabawa yanalingana, kisha kirushe upya.