Je, wajua? Kuku hafuniki vifaranga kwa ajili ya mwewe

Katika Mathayo 23:37 Yesu anauambia mji wa Yerusalemu kwamba mara nyingi alitaka kuwakusanya watoto wake, "kama vile kuku avikusanyavyo pamoja vifaranga vyake chini ya mbawa zake". Kwa nini kuku, wakati simba na tai walikuwepo?

Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa mwewe. Anatokea angani, mama anatandaza mbawa, watoto wanajificha, basi. Nimelisema hilo mbele za watu, tena kwa kujiamini. Siku moja nikakaa uani nitazame. Kivuli cha mwewe kilipopita, kuku alitoa mlio mmoja mkali, vifaranga vikatawanyika: kimoja nyuma ya ndoo, vingine chini ya majani ya mgomba, kimya, bila kutikisika. Mama akabaki peupe, manyoya yamemsimama, anatafuta ugomvi. Hakufunika hata kimoja. Wapo vifaranga wanaomkimbilia mama, sikatai, lakini kazi kubwa ya zile mbawa ni nyingine. Niliiona jioni, upepo ulipoanza.

Ni baridi. Chukua chai iliyotoka jikoni, jaza kikombe, nyingine iache kwenye sufuria. Ukirudi baada ya muda, ya kikombe imepoa, ya sufuria bado inaunguza. Kitu kidogo hupoteza joto upesi. Kifaranga ni kikombe, tena kikombe chenye moto hafifu: mwili wake bado hauwezi kuzalisha joto la kutosha, na manyoya yake ya kwanza ni mepesi kama pamba. Ndiyo maana mfugaji asiye na kuku mlezi huwasha taa au jiko la mkaa, banda lifike nyuzi 32 hadi 35 juma la kwanza, kisha apunguze kidogo kidogo hadi manyoya ya kweli yaote.

Kuku mwenyewe ana nyuzi kama 41. Anapoatamia, manyoya ya kifuani hupungua na ngozi ikabaki wazi. Kwa hiyo mbawa tunazozisifu ni paa tu. Jiko liko kifuani.

Na hamfukuzii mtoto ndani kwa nguvu. Anachuchumaa, anainua mbawa kidogo, anaita. Anayetaka anaingia. Aya ya Mathayo inamalizika kwa "lakini hamkutaka", na kwangu mimi hapo ndipo kuku anamshinda tai, ingawa huo ni usomaji wangu. Aya yenyewe haitaji baridi wala mwewe. Neno la Kigiriki lililotumika pia ni pana, laweza kuwa "ndege" tu. Luka, ambaye naye ana maneno haya ya kuku (13:34), hata hivyo ana utani wake: mistari miwili kabla ya kuku, Yesu amemwita Herode mbweha.

Kwenye Mlima wa Mizeituni, mbele ya altare ya kanisa la Dominus Flevit (Kilatini, "Bwana alilia"), kuna mozaiki ya kuku mweupe aliyetandaza mbawa juu ya vifaranga vya manjano. Kichwani ana miale ya dhahabu, kama mtakatifu.