Kuyafuata Maji Ndani ya Victoria Baths

Mimi ni msanifu majengo, na mradi nilio nao sasa unahusu matumizi mapya ya mabwawa ya kale ya kuogelea ya umma. Kwa hiyo nilikwenda Manchester, Uingereza, kulitazama jengo la Victoria Baths, lililofunguliwa mwaka 1906 na kufungwa 1993. Mwaka 2003 lilishinda shindano la televisheni la kuokoa majengo ya urithi, na tangu hapo limekuwa likikarabatiwa kwa awamu.

Kabla hujaingia, jengo limeshakueleza habari zake. Mbele kuna milango mitatu, na juu ya kila mmoja maandishi yanataja aliyeruhusiwa kupita: wanaume daraja la kwanza, wanaume daraja la pili, wanawake. Ukipita wa kwanza unapokewa na vigae vya kijani vinavyong'aa na vioo vya rangi. Upande wa daraja la pili mapambo yanapungua mara moja.

Lakini kilichonishika zaidi ni maji. Enzi hizo, kabla ya mitambo ya kuchuja, maji safi yalijazwa kwanza katika bwawa la daraja la kwanza. Yakishatumika yalipelekwa daraja la pili, na mwisho kwa wanawake. Hebu fikiria: tabaka la mtu na jinsia yake viliamua anaoga maji yaliyokwisha kupitia kwa nani. Hilo hulioni ukipiga picha za vigae tu. Ndiyo maana huwasihi wanafunzi wangu wafuate mkondo wa maji kwanza, kisha ndipo watoe tepu ya kupimia.

Nilipima pia vyumba vidogo vya kubadilishia nguo, vilivyopangwa kandokando ya bwawa. Kwa mpango huo muogaji alitoka na viatu vyake kwenye njia ileile ya miguu mitupu. Mpango mbaya kwa usafi, ila unaupa ukumbi mdundo mzuri ajabu. Hivyo nitavilinda.

Bwawa kubwa nalo liliwahi kufunikwa kwa sakafu wakati wa baridi ili watu wacheze dansi, kwa hiyo wazo la kubadili matumizi si geni hapa.

Katika mchoro wangu wa kwanza nimegeuza njia: mgeni anaingia kwa mlango wa wanawake, anapita daraja la pili, na vigae vya kijani anavikuta mwisho.