Atropini Haipimwi kwa Mboni za Macho

Wiki iliyopita nilipokea tena barua ya rufaa yenye maneno ambayo ningeweza kuyaandika mwenyewe kabla ya kufungua bahasha: atropini, dawa ya kukausha majimaji ya sumu ya viuatilifu, imesimamishwa kwa kuwa mboni zimetanuka na mapigo ya moyo ni 130. Mgonjwa, kijana aliyekunywa kiuatilifu cha oganofosfeti kilichohifadhiwa kwenye chupa ya soda, alikuwa akitokwa na povu mdomoni na puani, shati limelowa jasho, na mapafu yakitokota kama sufuria ya uji.

Msingi tuupitie kwa haraka. Oganofosfeti hufunga kimeng'enya cha asetilikolinesterazi, kinachovunja asetilikolini, kemikali inayobeba ujumbe wa neva; asetilikolini hurundikana, na atropini huizuia kwa kukalia vipokezi vya muskarini, vile vya tezi, mirija ya hewa na moyo. Vipokezi vya nikotini, vile vya misuli, haivigusi, kwa hiyo mgonjwa aliyekauka vizuri bado anaweza kulegea misuli na kuacha kupumua. Huyo anahitaji mpira kooni na mashine, si atropini zaidi.

Sasa mboni. Naufahamu mvuto wake, kwa sababu kurunzi iko mfukoni na jicho liko wazi. Hata belladonna, jina la mmea wenye dawa hii, kwa Kiitaliano ni mwanamke mrembo, na husimuliwa kwamba wanawake wa zamani walidondoshea macho maji yake ili mboni zipanuke. Sisi hatumtibu mtu ili apendeze. Kinachoua upesi ni majimaji yanayojaa katika njia za hewa, mirija inayobana, na moyo unaopunguza kasi huku presha ikishuka. Mboni huweza kuchelewa kuitikia hali mapafu yamekwisha kukauka, kutofautiana jicho kwa jicho ikiwa sumu ilirukia upande mmoja, au kutanuka kwa athari ya sumu kwenye vipokezi vya nikotini huku mwenyewe angali anazama katika majimaji yake. Mapigo 130 nayo yanaweza kuletwa na upungufu wa oksijeni, wa maji mwilini, au hofu tupu. Hayazuii atropini, na zaidi ya mara moja nimeyaona yakishuka baada ya dozi kuongezwa, kwa kuwa hewa imepata njia.

Ninachokitafuta ni mapafu safi, presha ya sistoli (namba ya juu) na mapigo vyote juu ya 80, na kwapa kavu. Mtu mzima huanza na miligramu 2 mshipani, na kila baada ya dakika 5, mapafu yakiwa bado hayajakauka, dozi hurudufiwa: 2, 4, 8, 16. Hizo ni miligramu 30 katika robo saa, na ukimwagiza muuguzi mgeni avunje vichupa 16 kwa mkupuo mmoja atakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyekunywa sumu. Jaribio la Bangladesh lililochapishwa mwaka 2012 lililinganisha urudufishaji huu, ukifuatiwa na dripu, na desturi ya kurudia dozi zisizoongezeka: vifo vilikuwa asilimia 8 dhidi ya 22.5. Dripu yenyewe hubeba asilimia 10 hadi 20 ya jumla ya miligramu zilizomkausha mgonjwa, kwa kila saa.

Kuzidisha kupo, na dalili zake hazifichiki: mgonjwa hunyofoa nyuzi zisizoonekana hewani, mwili ni moto, tumbo kimya, kibofu kimejaa. Dripu husimamishwa hadi atulie, kisha huanzishwa upya kwa kiwango cha chini. Anayeisimamisha akaisahau ataitwa usiku wa manane, na povu limerudi.

Nakiri kwamba mapafu nayo hudanganya. Aliyepaliwa na matapishi yaliyochanganyika na kiyeyusho cha kiuatilifu atabaki na mlio wa majimaji hata kwapa likiwa kavu kama karatasi. Mlio ukiwa wa upande mmoja, chini kulia, mimi huacha kuufukuza kwa atropini, ila mara nyingine huwa ni kukisia tu. Kuhusu pralidoksimu, dawa inayokusudiwa kukifungua tena kimeng'enya kilichofungwa, sina uhakika zaidi ya huo: jaribio moja la India lilionyesha faida, la Sri Lanka halikuionyesha, nami huitoa kwa moyo wa nusu pale inapopatikana.

Kwa wanaoandika barua za rufaa, naomba jumla ya miligramu zilizotolewa, saa ya dozi ya mwisho, na kilichosikika pande zote mbili za kifua. Mboni, kama ni lazima zitajwe, ziwe mstari wa mwisho.