Homoni na Seli za Kinga za Mji wa Mimba kwa Mwenye PCOS

Mwanamke mwenye PCOS (mvurugiko wa homoni ambamo mara nyingi yai halipevuki wala kutoka kila mwezi) anapofika kliniki akiwa hajaona siku zake kwa miezi minne, jambo linalomshangaza mara nyingi ni kuandikiwa vidonge vya homoni ambavyo wenzake wanavitumia kuzuia mimba, ilhali yeye anatafuta mtoto au angalau anatamani hedhi yake irudi katika mpangilio. Sehemu kubwa ya jibu haiko kwenye ovari, ambako vile vinavyoitwa vivimbe ni vifuko vya mayai yaliyokwama kabla ya kupevuka, bali iko katika utando wa ndani wa mji wa mimba.

Kila mwezi ambao yai limepevuka na kutoka, ovari huanza kutoa projesteroni, homoni inayouandaa mji wa mimba kupokea mimba, na utando huo hujaa seli za kinga. Nyingi kati yake huitwa seli za NK, yaani seli za uuaji wa asili, jina ambalo kwa kweli linazionea. Zile za kwenye damu huua seli zilizoambukizwa virusi, lakini hizi za mji wa mimba kazi yake kuu ni ya ujenzi. Kipande kidogo cha utando kikitiwa rangi maalumu na kutazamwa kwa hadubini, huonekana zimekusanyika kando ya tezi na kuizunguka mishipa midogo ya damu iliyojiviringa, nazo huchangia kuitanua mishipa hiyo ili mimba changa ipate damu ya kutosha. Katika wiki za mwanzo za ujauzito huweza kufikia asilimia 70 ya seli nyeupe zote zilizomo humo.

Ajabu ni kwamba seli hizi hazina kile kipokezi cha kawaida cha projesteroni, yaani sehemu ya seli inayoipokea homoni hiyo. Ujumbe huzifikia kupitia jirani zake, seli za tishu ya utando, ambazo zikishapata projesteroni hutoa interleukini-15, protini inayopeleka ujumbe kati ya seli, na hiyo ndiyo inayozifanya ziongezeke na kukomaa.

Kwa mwenye PCOS mnyororo huo hukatika mwanzoni kabisa. Yai lisipotoka, projesteroni haitolewi, na estrojeni, homoni nyingine ya kike, hubaki peke yake ikiunenepesha utando mwezi baada ya mwezi. Androjeni (homoni za kiume) na insulini, ambazo mara nyingi huwa juu, huzidi kuuvuruga utando huo, na zipo tafiti zilizokuta seli za NK zikiwa pungufu humo hata katika nusu ya pili ya mzunguko. Kwa hiyo miezi isiyo na hedhi si mapumziko ya mji wa mimba: unene usiodhibitiwa huongeza hatari ya saratani ya utando huo.

Hapo ndipo tiba inapoingia. Projestini, dawa inayofanya kazi kama projesteroni, ikimezwa kwa siku 10 hadi 14 kisha ikaachwa, seli nyeupe za aina nyingine huingia kwenye utando, vimeng'enya huuvunja, na damu hutoka. Vidonge vyenye homoni mbili, estrojeni na projestini, huulinda utando kila siku na pia hushusha androjeni, ingawa havimfai mwenye historia ya damu kuganda kwenye mishipa, wala mvutaji sigara aliyefikisha miaka 35. Anayetaka mimba kwa kawaida huanzishiwa dawa ya letrozoli, ili yai lipevuke na ovari itoe projesteroni yake yenyewe. Metformini, dawa inayotumika pia kwa kisukari, husaidia upande wa insulini.

Nimeona wagonjwa wakileta majibu ya kipimo cha seli za NK za kwenye damu, wakiwa na hofu kwamba kinga yao inaua mimba. Kipimo hicho hakisemi lolote la uhakika kuhusu seli za mji wa mimba, na kuanza dawa za kushusha kinga kwa msingi wake ni kujitwisha madhara bila faida iliyothibitishwa. Kwa mwanamke ambaye siku 90 zimepita bila hedhi na hana ujauzito, kinachofaa kuanza nacho ni kuangaliwa utando na kupewa homoni inayomfaa.