Samansi ya talaka haipelekwi na mwenye kesi

Wapo wanaokuja kuomba msaada wa kisheria kwetu hapa Mwanza wakiwa tayari na hukumu ya talaka mkononi. Kesi ilishakwisha, kumbe mwenzao ameibuka sasa na kudai hakujulishwa chochote. Mara nyingi anasema kweli. Samansi, yaani wito wa mahakama, iliachiwa shemeji asiyesemezana naye, au ilipigwa picha ikatumwa WhatsApp kwenye laini aliyokwisha kuitupa. Mahakama ikiridhika kwamba wito haukumfikia, inaweza kuitengua hukumu hiyo ya upande mmoja na shauri likaanza upya. Hebu fikiria aliyekwisha kufunga ndoa nyingine.

Samansi ninayoizungumzia ni ya mahakama. Karatasi ya talaka iliyoandikwa nyumbani, hata ikiwa na saini za mashahidi, haimalizi ndoa mbele ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kwa Waislamu, talaka inayotolewa baada ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa kushindwa kuwapatanisha ina uzito mahakamani, lakini amri ya kuvunja ndoa bado hutolewa na mahakama. Na kabla ya kufika huko, kwa kawaida lazima mpitie Baraza hilo, liwapeni hati kwamba suluhu imeshindikana. Hati hiyo iwe imetolewa ndani ya miezi 6 kabla ya kufungua shauri. Wengine huifungia kabatini mwaka mzima wakisubiri mume arudi kutoka visiwani, kisha wanashangaa karani akiirudisha.

Shauri likipokelewa, mahakama hutoa samansi pamoja na nakala ya maombi yako. Hapo wewe kaa pembeni. Anayeipeleka ni mpeleka samansi wa mahakama au mtu mwingine aliyeagizwa na mahakama. Kazi yako ni kumpa maelekezo yanayoeleweka. "Anakaa Igoma" haitoshi. Taja mtaa, mwenyekiti wa mtaa, mahali anapofanyia kazi na namba ya simu anayoipokea. Ukiweza, mwonyeshe nyumba kisha uondoke. Kama ndoa ilikuwa na kipigo, usiende kabisa. Mweleze karani mapema, atafutwe mtu mwingine wa kuonyesha. Na ukiambiwa kuna malipo, dai namba ya malipo ya serikali na risiti.

Mhusika hukabidhiwa samansi mkononi na kusaini nakala inayorudi mahakamani. Akigoma kusaini, hakuna haja ya kuvutana. Mpelekaji hubandika nakala kwenye mlango wa nyumba anamoishi, kisha huandika taarifa: tarehe, saa, nani alimwonyesha nyumba, nani alishuhudia. Taarifa inayosema tu "alikataa kupokea" ni dhaifu, na wakili mzuri wa upande wa pili ataichana dakika tano tu. Omba kuiona kabla ya siku ya kesi.

Ugumu mkubwa kwetu ni ziwa. Mvuvi yuko kisiwa cha Ukara leo, mwezi ujao yuko kisiwa cha Kome, na simu haishiki. Hapa ratiba inasaidia kuliko nguvu: wavuvi wa dagaa hutegemea giza na taa, kwa hiyo siku za mbalamwezi wengi hawaingii ziwani. Mwombe karani samansi itoke mapema ili impate mtu wako nchi kavu siku hizo. Akiwa nje ya eneo la mahakama uliyofungua, mahakama inaweza kuituma kupitia mahakama ya huko aliko. Aliyefungwa, tuseme Butimba, huipata kupitia mkuu wa gereza.

Kama kweli amepotea, usijiamulie njia. Andika kiapo kueleza ulivyomtafuta: uongozi wa mwalo (ufukwe wanakopakulia samaki), yaani BMU, ulisema nini, mtendaji wa kijiji alisema nini, ndugu zake waliulizwa lini. Ambatisha barua zao. Mahakama ikiridhika ndipo itaruhusu njia mbadala, kama tangazo la gazeti. Aliyetelekezwa na asiyejua mwenzake yuko wapi anaweza kufungua shauri bila kupitia Baraza, ila wito bado ni lazima, hata kama ni kwa tangazo hilo.

Na wewe uliyeletewa samansi: kusaini si kukubali talaka. Ni kukiri kwamba umeipokea, basi. Kuichana au kujificha kwa jirani hakusimamishi kesi. Kunampa mwenzako nafasi ya kusikilizwa peke yake. Soma muda wa kujibu ulioandikwa humo na uuhesabu tangu siku uliyopokea. Kama unapinga talaka, au unaikubali lakini unadai matunzo ya watoto na sehemu ya mali mliyochuma pamoja, yaandike kwenye majibu yako. Wasaidizi wa kisheria huwasaidia bure wasio na uwezo. Waulizie ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako, na nenda na samansi yenyewe pamoja na bahasha iliyokuja nayo.