Penseli ya sentimita 8 iliyoandikwa 11: dhana potofu kuhusu kuwafundisha watoto kupima

Kila tukirudisha karatasi za jaribio la vipimo, mlangoni kwangu hakukosi mzazi. "Mwalimu, mwanangu kaonewa." Namkaribisha kiti, tunaifungua karatasi pamoja. Swali lina picha ya penseli iliyolazwa juu ya rula, kitako kwenye 3, ncha kwenye 11. Mtoto kaandika sentimita 11. Mzazi anaitazama picha, analitazama jibu, ananitazama mimi: "Sasa si imeishia kumi na moja?" Hapa Tanga, mzazi wa mtaa wa Makorora ananiambia hivyo, wa Raskazone ananiambia hivyo, na wapo walimu wenzangu huniuliza swali lilelile pembeni, kwa sauti ya chini. Nimechoka kulijibu mmoja mmoja.

"Namba iliyo mwishoni mwa kitu ndiyo urefu wake"

Siyo. Urefu ni nafasi iliyopo baina ya ncha mbili. Namba ya rula inasema tu ni nafasi ngapi zimepita tangu sifuri, kwa hiyo kitu kisipoanzia sifuri, namba ya mwisho peke yake haitoshi. Mtu akitembea Ngamiani, mtaa wetu wenye barabara za namba, kutoka Barabara ya 3 hadi Barabara ya 11, kavuka vipande vinane. Hakuna mtoto wa Tanga atakayekwambia kavuka kumi na moja. Mtoto huyohuyo ukimpa rula, akili yote anaiacha nje ya darasa.

Kuna na jibu la pili, la 9, ambalo wazazi huliona lina nafuu kwa kuwa liko karibu na 8. Halina nafuu yoyote, ni ugonjwa mwingine. Huyu kahesabu mistari: 3, 4, 5, hadi 11, akapata tisa. Rula ya sentimita 30 ina mistari 31 ya sentimita, kwa sababu sifuri nayo ina mstari wake. Vivyo hivyo ndani ya sentimita moja: nafasi za milimita ni 10, ila mistari ni 11 ukihesabu na ile ya pembeni. Anayehesabu mistari atazidisha moja siku zote, na hatajua kwa nini.

Chanzo cha yote mawili ni jinsi somo linavyofundishwa. "Weka kwenye sifuri, soma mwisho." Kila picha ubaoni inaanzia sifuri, kila zoezi la kitabuni linaanzia sifuri, na mtoto anapata vema muhula mzima bila kulazimika kujiuliza zile namba zinahesabu nini. Kisha linakuja swali moja la penseli iliyosogezwa, nyumba nzima inalia.

Dawa yake ni mikono. Chukua manila, kata utepe wa sentimita 12 kwa kila mtoto. Mwambie aweke alama kila sentimita moja kisha apake rangi vyumba vyake kwa zamu, chekundu, cheupe, chekundu, cheupe. Namba asiandike kwanza. Hapa ndipo walimu hukosa subira, na hapa ndipo penye kazi yenyewe. Apime kitabu, kiatu, upana wa dawati, kwa kuhesabu vyumba vya rangi kwa kidole. Kidole kikikaa juu ya chumba badala ya juu ya mstari, umeshashinda nusu. Siku ya pili ndipo aandike namba, na aziandike kila chumba kinapoishia: mwisho wa chumba cha kwanza 1, mwisho wa cha pili 2. Atakuuliza mwenyewe pale mwanzo kabisa aandike nini. Mwache ajibu.

Siku ya tatu napita na mkasi. Namkata kila mmoja utepe wake mwanzoni, huyu vyumba viwili, yule vitano, halafu nawaambia wapime tena kitabu kilekile. Kelele zake zinafika ofisi ya mwalimu mkuu. Wapo watakaosema rula imeharibika, haipimi tena. Baada ya kubishana, mmoja ataanzia pale utepe ulipobaki na kuhesabu vyumba. Mwingine atatoa namba ya mwanzo kutoka namba ya mwisho. Wote wawili wanapata jibu la jana. Ukimpa mtoto huyu picha ya penseli ya 3 hadi 11, hakusumbui.

Ndiyo maana nasema rula ya plastiki iliyovunjika mwanzo isitupwe. Nileteeni, ni kifaa bora kuliko mpya. Na asiyeniamini akamtazame fundi seremala mzoefu: kichwa cha tepu yake kikichakaa, huishika kwenye 10, anapima, kisha anatoa 10. Hakuna anayemwambia kaonea ubao.

"Anajua kuanzia sifuri, basi hana tatizo"

Sifuri ya rula nyingi za shule haiko ukingoni. Kuna kipande cha plastiki kitupu kabla ya mstari wa kwanza, mara nyingi kama nusu sentimita. Mtoto anagandisha ukingo wa plastiki na ukingo wa kitu, akiamini kaanzia sifuri.

Kipimo changu cha haraka ni karatasi ya A4, ile ya fotokopi. Upana wake ni sentimita 21 kamili. Wagawie, wapime upana, kusanya majibu bila kusema neno. Aliyeandika 22 kaanzia kwenye 1. Aliyeandika 20.5 kaanzia ukingo wa plastiki. Aliyeandika 8 na kidogo kageuza rula akasoma inchi, maana inchi moja ni sentimita 2.54. Dakika tano, na unamjua kila mgonjwa na ugonjwa wake. Baadaye pima urefu pia, ambao ni 29.7, uone nani anaweza kusoma milimita na nani anakimbilia 30.

"Shibiri na hatua ni mambo ya wazee, tuanze na sentimita moja kwa moja"

Hapana. Mtoto apime dawati kwa shibiri zake, yaani kiganja kilichotanuliwa toka gumba hadi kidole cha mwisho, nami nilipime kwa zangu. Yeye kumi, mimi saba. Nani kakosea? Hakuna, na hapo ndipo anapoona kwa nini watu walilazimika kukubaliana kipimo kimoja. Ukimrukisha hatua hiyo, sentimita kwake ni amri ya mwalimu tu. Mtoto wa mvuvi tayari amesikia kamba ikipimwa kwa pima, na anaweza kuwaonyesha wenzake: mikono minne (mkono ni toka kiwiko hadi ncha ya kidole) kwa pima moja, miwili kwa wari. Ni hesabu nzuri kabisa, ya kwao, na haina gharama.

"Darasa lina watoto wengi na rula chache, vitendo haviwezekani"

Rula halisi moja inatosha kutengeneza tepe za manila za darasa zima. Kabla ya manila, vizibo vya soda vinapangwa vikigusana bila kuacha mwanya wala kupandana, na hiyo ndiyo kanuni yote ya kupima. Onyo moja: msitegemee vijumba vya daftari la hesabu kuwa sentimita mpaka mmevipima. Madaftari hayafanani.

"Rula hupima vilivyonyooka tu"

Hapa Tanga, mji wa mkonge, sitegemei mtu akose kipande cha kamba. Zungusha kwenye kopo au shina la mti, weka alama inapokutana, nyoosha, ilaze kwenye rula. Isivutwe sana. Kwisha.

"Majibu mawili tofauti, lazima mmoja kakosea"

Huyu 21.0, yule 20.9. Rula ya milimita haikuahidi zaidi ya hapo. Waulize kwanza walitazama kutoka upande gani: jicho likikaa pembeni badala ya juu ya alama, mstari huonekana umesogea, hasa kwenye rula nene. Wakirudia wakitazama wima na bado tofauti ni milimita moja, wape vema wote. Lakini anayesema 21 na anayesema 22 hawawezi kuwa sawa wote, msije mkanisingizia.

"Kukisia ni kubahatisha, kunamfundisha mtoto uvivu"

Kinyume chake. Akisie kwanza, aandike, ndipo apime. Mtoto aliyekisia dawati kuwa kama sentimita 60 hatakubali jibu la 6 litoke mkononi mwake bila kulitilia shaka. Asiyekisia ataandika 6, atapiga mstari chini, atatoka kwenda kucheza.

Na wazazi mnaoniuliza mnunue rula gani: ya plastiki angavu inayoonyesha kilicho chini yake, sentimita 30, sifuri yake iandikwe na ionekane. Zile zenye picha za katuni katikati ya mistari ziacheni dukani. Kabla hamjalipa, mwombeni muuzaji rula mbili za aina tofauti, mzilaze pamoja sifuri kwa sifuri, mtazame kama 30 zinakutana. Zisipokutana, mwombeni na ya tatu.