Alama za chuo hazikai mfukoni mwa mhadhiri

Kwenye mabweni ya vyuo vya Moshi kuna imani inayorithishwa mwaka hadi mwaka: ukijuana na mhadhiri, anafungua kompyuta yake na sapu, yaani somo ulilofeli na kutakiwa kurudia mtihani, inageuka C. Si rahisi hivyo.

Mhadhiri anasahihisha na kupendekeza. Kwa kawaida kijitabu cha majibu kina namba ya mtahiniwa, hakina jina. Alama zikishaingia kwenye mfumo zinajadiliwa idarani, mtahini wa nje anapitia baadhi ya vijitabu, kisha bodi ya kitivo, na mwisho Seneti, chombo cha juu cha taaluma chuoni, ndiyo inaidhinisha. Ndiyo maana matokeo mnayoyaona mwanzoni huitwa ya awali.

Baada ya hapo, hata kosa dogo la kujumlisha linahitaji barua, kijitabu chenyewe na kibali. Mfumo mzuri huandika nani aligusa, saa ngapi, na alama ya zamani ilikuwa ngapi. Hitilafu zipo, sikatai. Nywila iliyobandikwa ukutani mwa ofisi inanitisha kuliko mhadhiri yeyote.

Ukiona alama za majaribio hazipo, achana na "mtu wa kukusaidia". Andikia idara ndani ya muda uliotangazwa, ubaki na nakala yenye muhuri wa mapokezi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo inakupa haki ya kuomba taarifa zako zirekebishwe.